Windows 10 au Windows 11? Soma hii kabla hujampa fundi laptopu yako

Kama una kompyuta nyumbani au ofisini, huenda umeshakutana na ule ujumbe unaojaa skrini nzima ukikuambia Windows 10 imefika mwisho. Wengi wanaufunga na kuendelea na kazi. Wengine wanakimbilia kwa fundi, wanalipa, wanarudi na Windows 11, halafu baada ya wiki mbili mashine inakuwa nzito kama imebeba mawe.

Kabla hujachagua upande, tuone nini hasa kimeisha na nini kimebadilika.

Kompyuta yako haitazima

Windows 10 ilitoka tarehe 29 Julai 2015. Mwaka huo huo mfanyakazi mmoja wa Microsoft, Jerry Nixon, alisema jukwaani kuwa hiyo ndiyo Windows ya mwisho, na watu wakaamini kabisa hakutakuwa na namba 11. Tarehe 5 Oktoba 2021 namba 11 ikaja. Miaka minne baadaye, tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ikaacha kuihudumia Windows 10.

Kuacha kuihudumia haina maana imezimwa. Mashine inawaka, Word inafunguka, printa inaprinti, intaneti inapatikana kama kawaida. Kilichokoma ni viraka vya usalama vya bure.

Viraka ni nini? Kila mwezi, Jumanne ya pili, Microsoft hutoa marekebisho ya matundu yaliyogunduliwa ndani ya Windows. Kwetu Afrika Mashariki huwa yanaingia saa mbili au saa tatu usiku. Sasa hapa ndipo penye tatizo. Windows 10 na Windows 11 ni ndugu wa tumbo moja, sehemu kubwa ya mfumo wa ndani wanashirikiana. Kiraka cha Windows 11 kikitoka, mdukuzi anakichambua kuona kimeziba nini. Akishajua tundu lilikuwa wapi, anaenda kulitafuta kwenye Windows 10 ambako halikuzibwa. Yaani kila kiraka kipya cha mdogo mtu ni ramani ya kumshambulia kaka yake.

Si nadharia tu. Mei 2017 virusi vya WannaCry vilisambaa katika nchi zaidi ya 150 ndani ya siku chache, vikifunga mafaili ya watu na kudai malipo. Hospitali za Uingereza zililazimika kuahirisha miadi ya wagonjwa. Microsoft ilikuwa imetoa kiraka cha tundu hilo tangu Machi, miezi miwili kabla. Na wengi walioumia hawakuwa hata na Windows iliyokwisha muda: walikuwa na Windows 7, ambayo wakati huo bado ilihudumiwa, ila hawakuisasisha.

Kwa hiyo kama ulizima masasisho miaka mitatu iliyopita ili kuokoa bando, hiyo Oktoba 2025 haikukubadilishia kitu. Ulikuwa nje ya uzio tangu zamani.

Na usiseme "yangu haina intaneti, ni ya kuprinti tu". Kompyuta za stesheneri zinaingiza flashi za watu hamsini kwa siku.

Tofauti unayoiona kwa macho

Hii ni ndogo kuliko inavyotangazwa. Menyu ya Start imehamia katikati (unaweza kuirudisha kushoto kwenye Settings, sehemu ya Personalization, kisha Taskbar). Zile vigae vilivyokuwa vinacheza cheza kwenye Windows 10 vimeondolewa. Pembe za madirisha zimekuwa za mviringo. Ukibofya kulia kwenye faili unapata menyu fupi, na vitu ulivyovizoea vimefichwa nyuma ya "Show more options". Ukishika kitufe cha Shift huku unabofya kulia, menyu ya zamani inarudi. Hilo peke yake litakuokolea hasira nyingi.

Kuna mazuri ya kweli. Folda sasa zinafunguka kwa tabo kama kivinjari, badala ya kujaza skrini madirisha kumi. Ukibonyeza kitufe cha Windows pamoja na Z, unachagua namna ya kupanga madirisha mawili au matatu kwenye skrini moja. Kwa mtu anayenakili namba kutoka PDF kwenda Excel siku nzima, hiyo ni nafuu kubwa. Notepad nayo imepata tabo, lakini WordPad imefutwa kabisa tangu toleo la 24H2.

Aliyekuwa anaisubiri Windows 11 ili atumie programu za Android kwenye kompyuta, asahau. Huduma hiyo ilikuwepo, Microsoft ikaifunga Machi 2025.

Tofauti inayokugusa mfukoni

Windows 10 haikuwa na makuu. Kompyuta yenye RAM ya GB 2 iliruhusiwa, hata ya GB 1 kwa toleo la biti 32. Windows 11 haina toleo la biti 32. Inataka RAM ya GB 4 na nafasi ya diski GB 64, na huo ni mlango wa kuingilia tu. Kwa GB 4 utaitumia huku unalia. GB 8 ndipo inaanza kupumua, na diski iwe SSD. Windows 11 kwenye ile diski ya zamani inayozunguka ni mateso, hata kama prosesa ni nzuri.

Lakini RAM na diski vinanunulika. Vinavyozuia watu wengi ni viwili vingine. Cha kwanza ni TPM 2.0, sehemu ndogo ya kielektroniki inayotunza funguo za siri za kompyuta ili mwizi asizipate kirahisi. Cha pili ni prosesa yenyewe: kwa Intel, karibu zote chini ya kizazi cha nane zimeachwa nje.

Hapo ndipo soko letu linapoguswa. Laptopu nyingi zinazouzwa Kariakoo au Luthuli Avenue ni zilizotumika, zimetoka kwenye ofisi za Ulaya na Marekani. HP EliteBook 840 G3, Lenovo ThinkPad T470 na ndugu zao ni mashine imara, lakini prosesa zake ni za kizazi cha sita na cha saba. Kwa sheria za Microsoft, hazistahili Windows 11.

Kujua kizazi ni rahisi. Fungua Settings, nenda System, kisha About, usome jina la prosesa. Angalia namba inayofuata baada ya i3, i5 au i7. Ikiwa i5-6300U, hicho ni kizazi cha sita. i5-7300U, cha saba. i5-8350U, cha nane, imepita. Ikianza na 10, kama i5-10210U, ni cha kumi. i5-1135G7 isikuchanganye: hiyo ni ya kumi na moja, siyo ya kwanza.

Usitegemee jina la modeli peke yake. ThinkPad T480 na EliteBook 840 G5 zinasifiwa kuwa "zinakubali 11", na nyingi zinakubali, lakini baadhi zilitengenezwa na prosesa za kizazi cha saba. Nje zinafanana kabisa. Muuzaji akikuambia "i5 hiyo, bosi", muombe aiwashe uisome namba yote.

Kwa AMD majina yanachanganya zaidi. Pakua programu ya bure ya Microsoft iitwayo PC Health Check, itakupa jibu la ndiyo au hapana.

"Lakini hii ina Windows 11 tayari"

Utaambiwa hivyo dukani, na utaiona kweli kwa macho yako ikiwa kwenye mashine ya kizazi cha sita. Mafundi wanatumia programu kama Rufus kutengeneza flashi ambayo inaruka ukaguzi wa TPM na prosesa. Inafanya kazi. Kwa mashine za zamani mno, za enzi ya Core 2 Duo, hata ujanja huo umegonga ukuta: toleo la 24H2 haliwaki kabisa.

Tatizo ni kwamba Microsoft haihakikishi masasisho kwa mashine hizo. Viraka vya kila mwezi mara nyingi vinaingia, ila matoleo makubwa ya kila mwaka hayaji yenyewe. Inabidi urudi kwa fundi kila mara. Ukiacha, toleo ulilonalo nalo litakwisha muda, na utakuwa palepale ulipokuwa na Windows 10, ila mashine ni nzito zaidi.

Mimi sioni ubaya wa kununua mashine ya namna hiyo ukijua unachonunua. Ubaya ni kulipa bei ya kizazi cha nane ukapewa cha sita kilichopakwa rangi.

Akaunti ni ya nani?

Hili watu hawaliulizi kabisa, na ndilo linaloweza kukupotezea picha za harusi na ripoti za ofisi kwa siku moja.

Windows 11 ya kawaida inalazimisha uingie na akaunti ya Microsoft wakati wa kuiweka, na mbinu za kukwepa zinazibwa moja baada ya nyingine. Fundi mwenye foleni ya wateja ishirini hawezi kusubiri ukumbuke paswadi yako ya barua pepe. Anaweka akaunti yake, anamaliza, anakupa mashine.

Sasa, kuanzia toleo la 24H2, mashine ikiwekewa Windows upya kwa akaunti ya Microsoft, kwa kawaida diski inafungwa kwa usimbaji yenyewe, bila kukuuliza. Ufunguo wa akiba, wenye tarakimu 48, unahifadhiwa kwenye akaunti hiyo. Siku ubao mama ukibadilishwa, au mipangilio ya BIOS ikiguswa, skrini ya bluu inakuomba zile tarakimu 48. Zipo kwenye akaunti ya fundi. Fundi kahama duka, namba haipatikani. Mafaili yako yapo ndani na hakuna mtu wa kuyatoa, hata Microsoft yenyewe.

Ukishapokea mashine, fungua Settings, Accounts, kisha Your info. Ukiona barua pepe usiyoijua, usiondoke dukani. Weka akaunti yako. Kisha kwenye Privacy & security tafuta Device encryption: kama imewashwa, ingia aka.ms/myrecoverykey kwa akaunti yako, uone kama ufunguo upo, uuandike kwenye karatasi. Usiupige picha ukauacha kwenye kompyuta hiyo hiyo.

Kama yako inakubali

Ukiwa na Windows 10 halali, kuhamia 11 ni bure. Fungua Windows Update, na kama mashine inastahili utaona kitufe cha kupakua. Nakili kwanza mafaili muhimu kwenye diski ya nje. Upakuaji ni wa GB kadhaa, kwa hiyo subiri Wi-Fi au bando la usiku. Ukitumia intaneti ya simu siku nyingine, iweke kama "metered connection" ili Windows isikumalizie bando kimya kimya.

Kama haikubali

Microsoft imeweka muda wa nyongeza kwa watumiaji wa nyumbani: viraka vya usalama vya Windows 10 hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Njia tatu: lipa dola 30 mara moja, tumia pointi 1,000 za Microsoft Rewards, au ruhusu mipangilio ya kompyuta ihifadhiwe kwenye akaunti yako, na hiyo ya mwisho ni bure. Mashine iwe kwenye toleo la 22H2 (bonyeza kitufe cha Windows na R, andika winver, utaliona), na uingie na akaunti ya Microsoft. Usajili unapatikana pale pale kwenye Windows Update. Leseni moja inabeba hadi mashine 10, kwa hiyo familia moja inatosha kwa moja. Kampuni zina bei yao, dola 61 kwa kila mashine mwaka wa kwanza, na inaongezeka mara mbili kila mwaka.

Huo muda hauleti kitu kipya, ni viraka tu. Lakini unakupa nafasi ya kukusanya pesa taratibu badala ya kununua laptopu kwa presha.

Njia nyingine ni Linux. Linux Mint ni ya bure, inahudumiwa, na EliteBook G3 yenye SSD inakimbia nayo vizuri. Kivinjari, barua pepe, LibreOffice ya kuandikia, vyote vipo. Kinachokwama ni programu zilizotengenezwa kwa Windows pekee: kama mhasibu wako anatumia programu fulani ya hesabu, au unafanya usanifu kwa Photoshop, uliza kwanza. Unaweza kuijaribu ikiwa kwenye flashi bila kugusa Windows yako. Ukiiona haikufai, chomoa flashi, uiwashe upya.