Mshindo wa Usiku

Fikiri umelala nyumbani kwako. Ghafla unasikia mshindo mkubwa, kisha wa pili. Jirani anapita mbio akipiga kelele, "Vita! Tumevamiwa!" Utafanya nini?

Sikio linakuambia kuwa kitu kimelia. Halikuambii ni kitu gani. Yanayobaki huongezwa na hofu.

Hapa pwani jambo hili si geni. Tarehe 20 Januari, 1964, askari wa kambi ya Colito waliasi. Kambi hiyo, ambayo sasa inaitwa Lugalo, iko kando ya barabara ya kwenda Bagamoyo. Serikali ya Tanganyika iliomba msaada Uingereza. Asubuhi ya tarehe 25 Januari, manowari ya Kiingereza iitwayo Cambrian ilipiga mizinga kutoka baharini. Makombora yake yalitengenezwa yapasuke juu hewani, yasipige nyumba. Kazi yake ilikuwa kuwababaisha waasi, huku askari wakishushwa kwa helikopta karibu na kambi. Lakini mkulima aliyekuwa shambani angejuaje? Kwake yeye mzinga ni mzinga.

Hata wenye silaha hukosea. Mwaka 1978, majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera, askari wetu walikuwa wakitazama angani wakingoja ndege za adui. Ndege zetu wenyewe zilipotokea upande wa Ziwa Viktoria, wakadhani ni za Amin. Waliangusha tatu.

Siku hizi jeshi letu lina kituo cha mafunzo huko Mapinga, Bagamoyo. Mwaka 2024 askari wa Tanzania, China na Msumbiji walifanya mazoezi ya pamoja. Katika mazoezi, askari hujifanya kama wanapigana na adui. Mlio wake ni ule ule wa vita.

Katika kijiji kimoja nilichokuwa nikifundisha, watu walikimbilia porini usiku baada ya kusikia mshindo. Mzee mmoja alitumbukia shimoni akavunjika mguu. Asubuhi ilijulikana kuwa ni baruti ya wavuvi haramu. Mguu wa yule mzee haukupona vizuri.

Sisemi upuuze kila mlio. Mbagala mwaka 2009 na Gongo la Mboto mwaka 2011, maghala ya silaha yalilipuka kweli na watu walikufa. Basi kusanya watoto wako kwanza, uwahesabu. Kaeni chini, mbali na madirisha. Kama hakuna moto wala vitu vinavyoanguka karibu, msikimbie gizani. Fungua redio. Mtafuteni mwenyekiti wa kitongoji, maana taarifa za mazoezi hupitia kwa viongozi. Ukimwambia jirani, mwambie ulichosikia: "Kuna mlio upande wa bahari." Usimwambie, "Tumevamiwa," kama hukumwona mvamizi.

Na kesho yake ukikuta chuma usichokijua shambani, usikiguse, wala usikipeleke kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Weka alama mbali kidogo, kisha uende polisi.