MANENO YA INTANETI YAMPASAYO MWENYE NYUMBA KUYAJUA

Ndugu zetu wa Mtwara, Mikindani, Msimbati na vijiji vya pwani mpaka mdomo wa Ruvuma, intaneti imekwisha ingia majumbani mwetu. Watoto waisomea, wafanya biashara watafutia bei, na wazazi wazungumza kwayo na jamaa walioko Unguja na Maskati. Lakini maneno yake twayatamka bila ya kuyajua maana, na asiyejua maana hulipia asichokipata, au huacha mlango wa nyumba yake wazi. Kwa hiyo twaona yafaa kuyaeleza yaliyo ya lazima.

INTANETI NA WI-FI. Haya ni mambo mawili mbali mbali. Intaneti ni muungano wa mitandao ya kompyuta ya ulimwengu mzima. Habari zake hupita zaidi katika mikongo iliyolazwa chini ya bahari, yenye nyuzi za kioo nyembamba kama unywele, na mwanga ndio uchukuao maneno na picha. Mkongo wa SEACOM ulianza kazi Dar es Salaam mwaka 2009, na wa EASSy mwaka 2010. Ama Wi-Fi, jina lililoanza kutumika mwaka 1999, ni mawimbi ya redio yachukuayo habari kutoka chombo kilichomo nyumbani hata simu yako, bila ya waya, masafa mafupi tu.

Tarehe 12 Mei 2024 mikongo hiyo miwili ilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Tanzania nzima na nchi za jirani. Siku kama ile alama ya Wi-Fi huonekana kamili katika simu, na kurasa hazifunguki. Basi mzazi asimlaumu mtoto kuwa kaharibu chombo. Njia ya nyumbani ni nzima, barabara kuu ndiyo iliyokatika.

RUTA. Ni chombo kipokeacho intaneti na kuigawa kwa simu na kompyuta zote za nyumbani. Mawimbi yake hudhoofishwa na kuta nene za mawe, mabati, friji, hata tangi la maji. Yafaa iwekwe katikati ya nyumba, mahali pa juu palipo wazi. Ruta nyingi zina mawimbi ya namna mbili: ya gigahezi 2.4, yapenyayo kuta vyema na kufika mbali, na ya gigahezi 5, yenye kasi zaidi ila hayafiki mbali.

HOTISPOTI. Ni simu kufanya kazi ya ruta. Kila aliyeunganishwa hutumia bando lako, na simu yake yaweza kuvuta programu mpya pasipo yeye kujua. Ukimaliza haja, izime.

MEGABITI NA MEGABAITI. Hapa wengi huhadaika. Kasi huuzwa kwa megabiti, na ukubwa wa vitu hupimwa kwa megabaiti. Na megabaiti 1 ni megabiti 8. Kasi ya megabiti 10 kwa sekunde huleta megabaiti 1.25 tu. Somo la megabaiti 75 litachukua dakika nzima, wala hukuibiwa.

ROMINGA. Ni simu kutumia mnara wa kampuni nyingine, hasa ya nchi nyingine. Karibu na mpaka simu yaweza kunasa mnara wa Msumbiji nawe umo ardhini mwetu, na malipo yake ni mengine. Wakaao kandokando ya Ruvuma na waizime rominga katika simu zao.

NENO LA SIRI. Ruta mpya huja na neno la siri la kiwandani. Libadilishe, liwe refu, lisiwe jina la mtoto wala namba ya simu. Palipoandikwa ulinzi, chagua WPA2 au WPA3. Ule wa zamani uitwao WEP huvunjwa kwa dakika chache. Mgeni aingiaye humaliza bando lako, na ovu alitendalo huonekana limetoka nyumbani kwako.

Na kama tusivyopenda kufanyiwa, tusimfanyie jirani. Kutumia Wi-Fi yake bila ya idhini ni kula mali ya mtu pasipo ridhaa yake, hata kama mlango ameuacha wazi. Mwenye haja na abishe hodi, aombe.