Risasi ya kulinda shamba: Mnyama, umbali na kilicho nyuma yake

MAHINDI yanapoanza kubeba na maharage kukaribia kung'olewa, usingizi wa mkulima wa Karagwe na Kyerwa hupungua. Mchana ni zamu ya nyani na tumbili. Usiku ni zamu ya nguruwe pori, na kwa wale wanaolima kando ya Mto Kagera, kiboko naye hupanda kutoka majini kutafuta malisho. Katika usiku mmoja familia inaweza kupoteza kile ilichotegemea kulipia ada ya shule.

Ndiyo maana katika vijiji vingi vya wilaya hizi mbili mazungumzo ya bunduki hayaishi. Hata hivyo, mara nyingi mazungumzo hayo huishia kwenye bunduki yenyewe na kusahau kitu kinachofanya kazi, yaani risasi. Risasi isiyofaa humjeruhi mnyama bila kumuua, huharibu nyama, na mbaya zaidi, hupita shambani na kufika kwa jirani. Hasara ya namna hiyo haifidiwi na gunia lolote la mahindi.

Sheria kwanza, risasi baadaye

Kabla ya kuzungumzia aina za risasi, mkulima anapaswa kujua anasimama wapi kisheria. Mwaka 2019 yaliyokuwa mapori ya akiba ya Ibanda na Rumanyika yalipandishwa hadhi na kuwa Hifadhi za Taifa za Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe. Mapori ya Biharamulo, Burigi na Kimisi nayo yaliunganishwa katika Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Katika pori la akiba uwindaji wa kibali unawezekana. Katika hifadhi ya taifa haupo kabisa. Mnyama aliyekula shambani akirudi ndani ya mpaka wa hifadhi, anayemfuata na bunduki hahesabiwi tena kuwa analinda mazao, bali ni jangili.

Nje ya hifadhi, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inatambua haki ya mtu kujilinda dhidi ya mnyama, lakini mnyama huyo anabaki kuwa mali ya umma na tukio lazima liripotiwe. Mahali pa kuanzia ni kwa ofisa wanyamapori wa wilaya.

Bunduki yenyewe iko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kibali hutolewa kwa jina la mtu na kwa silaha inayotajwa. Kwa hiyo desturi ya kuazimana bunduki kama panga inamweka hatarini mwenye silaha na aliyeazima.

Gobore nalo halina nafuu. Bunduki iliyotengenezwa kienyeji na kushindiliwa baruti na vipande vya chuma haina kipimo: leo inapiga kwa nguvu, kesho inapasukia mkononi. Vipande visivyo na umbo moja havifuati mstari, na mnyama huishia kukimbia na jeraha. Mwaka 2022 Serikali ilitangaza kipindi cha msamaha kwa watu waliosalimisha silaha haramu kwa hiari.

Ndani ya risasi moja

Risasi moja ya kisasa ina sehemu nne: ganda, fataki iliyo kitakoni, baruti, na kichwa kinachoruka. Fataki ikigongwa huwasha baruti, na gesi inayozalishwa husukuma kichwa kupita kwenye mtutu. Katika raifo, mtutu una mifereji ya kuzunguka inayokifanya kichwa kijizungushe kikiwa hewani, na hilo ndilo linalokifanya kiende mbali bila kupinduka. Mtutu wa shotigani kwa kawaida ni laini ndani, na ganda lake hubeba gololi nyingi badala ya kichwa kimoja.

Nguvu ya kichwa hutokana na uzito na mwendo, lakini mwendo una uzito mkubwa zaidi katika hesabu hiyo: mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu huongezeka mara nne. Ndiyo sababu kichwa chembamba chenye mwendo mkali kinaweza kuwa hatari kuliko bonge linalokwenda polepole.

Nguvu peke yake haitoshi. Cha muhimu ni kichwa kinafanya nini kikishaingia mwilini. Hapo ndipo aina za risasi zinapotofautiana.

Ya kwanza ni risasi ambayo kichwa chake kimefunikwa chote kwa koti la shaba. Hii haibadiliki umbo, hivyo hutoboa tundu dogo na kutokea upande wa pili. Kwa nguruwe pori au pongo ni chaguo baya: mnyama hukimbia mbali kabla ya kuanguka, na risasi huendelea na safari ikiwa bado na nguvu.

Ya pili ni risasi yenye ncha laini. Ncha yake imeachwa bila koti, hivyo ikigonga hufunguka kama uyoga na kupanuka hata kufikia mara mbili ya upana wake. Jeraha huwa kubwa, mnyama huanguka karibu, na mara nyingi kichwa hubaki mwilini au hutoka kikiwa kimepungua nguvu. Historia ya risasi hizi ina kinaya chake. Miaka ya 1890 Waingereza walizitengeneza kwa ajili ya vita katika kiwanda cha Dum Dum karibu na Kolkata, India. Mwaka 1899 mkutano wa The Hague ulipiga marufuku risasi za kupanuka vitani kwa kuwa majeraha yake ni makali mno. Kwa mwindaji sababu hiyohiyo imekuwa sifa, kwani mnyama hafi taratibu kwa mateso.

Ya tatu ni risasi nyepesi ya kupasuka. Nchini Marekani hutumika kwa wanyama wadogo waharibifu, kwa kaliba kama .223 yenye kichwa cha gramu tatu na nusu hivi na mwendo wa karibu mita 1,000 kwa sekunde. Koti lake ni jembamba, hivyo hupasuka vipande vidogo mara ikigusa. Kwa mnyama mdogo inatosha. Kwa nguruwe pori dume, mwenye ngozi nene na mabega mazito, hupasukia juujuu na kumwacha akiwa hai, ana maumivu na hasira.

Ya nne ni risasi ngumu isiyopanuka, iliyokusudiwa wanyama wakubwa wenye mifupa minene. Kwa nyati, kiboko na tembo, wawindaji wa Tanzania huihesabu kaliba ya .375 kuwa ya chini kabisa. Kaliba hiyo iliyotoka mwaka 1912 hurusha kichwa cha gramu 19 hivi, wakati .22 ndogo hurusha cha gramu 2.6. Hiyo ni kazi ya askari wa wanyamapori. Mkulima anayempiga kiboko kwa bunduki ndogo hajalinda shamba. Ametengeneza mnyama aliyejeruhiwa ambaye kesho atakutana na akina mama wanaoteka maji.

Shotigani na ukubwa wa gololi

Kwa mkulima mwenye kibali, silaha inayomfaa zaidi mara nyingi ni shotigani namba 12. Namba hiyo ina maana yake: gololi 12 za madini ya risasi zenye upana wa mtutu huo hufikia uzito wa ratili moja.

Dukani maganda hutofautishwa kwa ukubwa wa gololi zilizomo. Marisau madogo ni ya ndege kama kanga na kwale. SSG ina gololi chache kubwa, zenye upana wa karibu milimita saba, na ndiyo inayofaa kwa nguruwe pori, lakini kwa umbali mfupi. Ndani ya mita 25 hadi 30 gololi bado zimekusanyika. Zaidi ya hapo hutawanyika, na gololi moja au mbili zinazomfikia mnyama humjeruhi tu. Ipo pia ya bonge moja, ambayo hufika mbali kidogo lakini hudai shabaha nzuri.

Kosa la kawaida ni kutumia marisau ya ndege kwa nguruwe pori kwa sababu ndiyo yaliyopo nyumbani. Gololi hizo huishia kwenye ngozi na mafuta. Mnyama atakimbia, kidonda kitaoza, na shamba litaendelea kuliwa na wenzake.

Kilicho nyuma ya mnyama

Ardhi ya Karagwe na Kyerwa ina sura yake: vilima virefu vya majani, mabonde katikati, na nyumba zilizofichwa ndani ya migomba. Mtu akisimama upande mmoja wa bonde huona kijani tupu upande wa pili, kumbe ndani yake kuna kaya kadhaa, ng'ombe na watoto.

Katika ardhi ya namna hiyo raifo inahitaji tahadhari kubwa. Risasi ndogo ya .22, ambayo wengi huiona kama ya kuchezea, inaweza kwenda zaidi ya kilomita moja na nusu. Ile ya .30-06, inayopendwa na wawindaji wa swala na tohe, inaweza kufika kilomita nne au zaidi. Mgomba hauizuii, maana ni maji na nyuzi tu. Ukuta wa miti na udongo nao si kinga ya uhakika.

Kanuni ya usalama ni moja: usipige mpaka uone udongo nyuma ya mnyama. Anayepiga kutoka juu ya mteremko kuelekea chini hupata ardhi ya kupokea risasi iliyokosa. Anayempiga mnyama aliyesimama juu ya kilele cha kilima hana kitu nyuma ila anga, na hajui risasi itatua kwa nani. Usiku ni mbaya zaidi, na zaidi ya hatari hiyo, kuwinda gizani kwa tochi bila kibali ni miongoni mwa njia zinazokatazwa.

Nyama na madini ya risasi

Kiswahili huita kwa jina moja kitu kinachorushwa na madini kilichotengenezwa nayo. Madini hayo ni sumu, na Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama mwilini. Watoto na wajawazito ndio wanaoathirika zaidi.

Risasi laini ikipanuka huacha chembe ndogo zisizoonekana kwa macho, na chembe hizo husambaa mbali na tundu lenyewe. Kwa hiyo nyama yote iliyovilia damu kuzunguka jeraha ikatwe na kutupwa kwa ukarimu, isioshwe na kupikwa. Nchi nyingine zimeshachukua hatua: jimbo la California nchini Marekani lilikataza risasi za madini hayo kwa uwindaji wote kuanzia Julai 2019, na wawindaji wengi sasa hutumia vichwa vya shaba tupu.

Jambo hili linawahusu pia wafanyabiashara. Tangu kanuni za mwaka 2020 ziruhusu bucha za nyamapori zenye leseni, mwenye bucha ana haki ya kuuliza mnyama alipigwa wapi mwilini na kwa risasi gani. Aidha, wafugaji wa nguruwe wasiwalishe mifugo yao mabaki ya nguruwe pori au ngiri, kwa kuwa wanyama hao hubeba virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika bila wao kuugua.

Je, inalipa?

Tuchukue mfano wa hesabu, ambao si bei ya soko. Tuseme bunduki, kibali na sanduku la chuma la kuitunzia vinagharimu Sh2,000,000, na vitatumika miaka 10. Hiyo ni Sh200,000 kwa mwaka kabla ya kununua ganda hata moja. Kama shamba la ekari moja hupoteza mazao ya Sh150,000 kwa mwaka, bunduki ni hasara hata ikimuua kila nguruwe anayekuja.

Lakini kama mwenye bunduki huyohuyo analinda ekari nane za majirani zenye hasara kama hiyo, kinacholindwa ni Sh1,200,000 kwa mwaka. Hapo hesabu inageuka. Kwa hiyo mkulima mdogo mmojammoja hahitaji bunduki. Kitongoji kinahitaji mtu mmoja mwenye kibali, mwenye nidhamu, anayekuja mwenyewe na silaha yake, na wengine wachangie gharama.

Gharama hiyo nayo ilinganishwe na njia nyingine. Kundi la nguruwe sita likipoteza mmoja, watano watarudi ikiwa kichaka wanacholala bado kipo. Kufyeka vichaka vilivyo jirani na mashamba, kulinda kwa zamu wakati mahindi yanapobeba, kupiga madebe dhidi ya nyani na kuchimba mitaro hudai jasho zaidi kuliko fedha. Upande wa pili wa mto, Rwanda ilikamilisha mwaka 2013 uzio wa umeme wa jua wa kilomita 120 katika Hifadhi ya Akagera kuwatenga wanyama na wakulima. Uzio wa aina hiyo ni kazi ya serikali, si ya kijiji.

Kwa wanyama wakali, kanuni za kifuta jasho na kifuta machozi zipo tangu mwaka 2011. Mkulima atoe taarifa mapema kwa mtendaji wa kijiji na ofisa wanyamapori, kabla nyayo hazijafutika na kabla ya kung'oa mabaki, ili tathmini ifanyike.

Na pale ambapo bunduki ni lazima, mwenye kibali ajiulize maswali matatu kabla ya kuweka risasi mtutuni: ni mnyama gani, yuko umbali gani, na nyuma yake kuna nini. Asipokuwa na jibu la swali la tatu, ashushe bunduki. Mahindi yaliyoliwa leo yanaweza kupandwa tena msimu ujao.