Gari Mlangoni pa Watu

Ijumaa, jua linapokaribia kupinduka, mitaa ya Mombasa iliyo jirani na misikiti hujaa magari pande zote mbili. Majengo, Bondeni, Kibokoni, Tudor, hali ni moja. Anayewahi hupata pahala pema. Anayechelewa, naye khatibu amekwisha kupanda mimbari, huzunguka mara mbili tatu, kisha macho yake hutua kwenye nafasi moja tupu katikati ya msururu. Hushukuru Mungu, akaegesha, akateremka mbio na kanzu yake ameishika kwa mkono. Hakujiuliza kwa nini nafasi ile imebaki tupu na hali mtaa mzima umejaa. Imebaki tupu kwa sababu ni lango la nyumba ya watu.

Na nani yumo ndani ya nyumba ile kwa saa ile? Wanaume wa nyumba wamekwenda kuswali kama alivyokwenda yeye. Waliobaki ni wanawake na watoto wachanga, na pengine mzee asiyeweza kutoka, au mjane aliyekaa eda. Kwa hiyo udhia huu wa Ijumaa, ambao wanaume huuzungumza kwa mzaha barazani, mzigo wake huwaangukia wanawake peke yao. Likitokea la kutokea, mama wa nyumba hana wa kumtuma. Hawezi kuingia baina ya safu za wanaume mia tatu akiuliza gari jeupe ni la nani. Hamjui mwenyewe, hana nambari yake ya simu, na hata akisimama penye mlango wa msikiti atasubiri mpaka imamu atoe salamu.

Nimeyaandika haya kwa sababu ya mas'ala niliyoletewa na bibi mmoja wa mtaa ambao sitautaja. Mumewe anafanya kazi Uarabuni, naye yuko nyumbani na watoto na mama yake mzazi. Mama huyo figo zake zimedhoofika, na kila wiki hupelekwa hospitali mara mbili kusafishwa damu. Wagonjwa wa namna hii hupangiwa saa, kwani mashine ni chache na wanaozingoja ni wengi, na anayechelewa huenda akapunguziwa muda wake. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Teksi ilipofika haikuweza kuingia wala kulikaribia lango, kwa kuwa gari la mtu lilikuwa limelala pale kwa ubavu. Wakambeba bikizee juu ya kiti cha plastiki, yeye bibi na kijana wa jirani ambaye hajabaleghe, mpaka barabara kubwa, jua la saa saba likiwaka. Njiani kiti kiliteleza, mgonjwa akaumia goti.

Aliporudi jioni akaambiwa mwenye gari alikuja baada ya swala na sunna zake na mazungumzo yake, na jirani alipomlaumu alijibu neno moja tu: alikuwa akiswali. Bibi akaniuliza, "Shekhe, yeye alikuwa katika ibada, na mimi nilikuwa nimejaa hasira, nikamwombea mabaya. Mwenye dhambi ni nani?"

Swali hili halifai kujibiwa kwa haraka. Nilimwambia kwanza kwamba swala ya mtu yule ni sahihi. Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Imamu Shafi wamesema kuwa hata anayeswali juu ya ardhi aliyoipora, faradhi humwondokea ingawa anapata dhambi ya uporaji. Seuze huyu aliyeswali msikitini na gari lake liko nje. Lakini usahihi wa swala ni jambo moja, na haki ya mja ni jambo jingine. Haki ya Mwenyezi Mungu mtu huitubia baina yake na Mola wake usiku wa manane. Haki ya bikizee yule haiondoki kwa istighfari ya msikitini. Atakwenda, atabisha hodi, ataomba radhi, na ikiwa teksi ililipwa bure atailipa.

Ama hoja ya kuwa alikuwa katika ibada, jawabu lake limo katika Sunna. Abu Daud amepokea kutoka kwa Muadh bin Anas al-Juhani kwamba katika safari mojawapo ya vita, watu walipopiga kambi walibanana wakawatilia wenzao dhiki katika makazi, na wakaziba njia. Mtume, rehema na amani zimshukie, akamtuma mpiga mbiu awatangazie watu kuwa mwenye kuwabana wenziwe katika makazi yao au kuikata njia, huyo hana jihadi. Tazama walivyokuwa watu wale. Wameacha nyumba zao na roho zao zi mikononi, na juu ya hayo njia iliyozibwa iliwekwa kwenye mizani na amali yao yote. Basi aliyetoka nyumbani kwake kwa gari lenye kipoza hewa, akachelewa kwa sababu ya kumalizia biriani, ana hoja gani?

Wala jambo hili si geni katika vitabu vya fiqhi. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, yaani 1277 Miladia, amelizungumza katika Minhaj, kitabu ambacho kila aliyekaa darasani pwani hii amekisikia. Nami kila nikilifundisha fungu hilo hufurahi kuona kwamba hakuliweka chini ya hukumu za ghasibu na uporaji, bali ndani ya mlango wa sulhu. Amezigawa njia mafungu mawili. Iko njia inayopenya upande wa pili, ambayo ni ya Waislamu wote na hafai mtu kufanya ndani yake jambo linalowadhuru wapitao. Na iko njia isiyopenya, yaani kichochoro kilichofungika mwisho. Hicho ni milki ya wenyeji wake, na mgeni hana ruhusa ya kukitumia kwa jambo lake ila kwa ridhaa yao. Na wenyeji ni wepi? Ni wale ambao milango ya nyumba zao imefunguka ndani ya kichochoro, si wale ambao kuta zao zimegusana nacho tu. Kumbe miaka mia saba na zaidi iliyopita mlango ndio uliokuwa alama ya haki!

Aidha, walipozungumza juu ya roshani zinazotokeza juu ya njia, walisema ziinuliwe kiasi apite mtu amesimama wima, na ikiwa ni njia ya misafara, apite ngamia na mahmali yake mgongoni. Hawakupima kwa mpita njia mwembamba asiye na mzigo. Walipima kwa msafiri mkubwa kuliko wote anayetarajiwa kupita. Kwa zama zetu huyo ni gari la wagonjwa, na gari la zimamoto, na jeneza mabegani mwa watu.

Imepokewa katika Bukhari na Muslim kuwa watu wakikhitilafiana juu ya upana wa njia, ifanywe dhiraa saba. Wengi katika wanavyuoni wamesema kipimo hufuata haja ya mahali, lakini tukipige hesabu hicho cha saba. Dhiraa moja ni kama nusu mita kasoro kidogo, kwa hiyo saba ni mita tatu na kitu. Gari dogo la kawaida lina upana wa mita moja na robo tatu hivi. Likiegeshwa ubavuni, kinachobaki ni kama mita moja na nusu: mkokoteni utapita, jeneza litapita kwa taabu, gari la wagonjwa halipiti. Na vipito vingi vya Mji wa Kale havifiki hata dhiraa hizo saba, kwa maana vilikatwa kwa ajili ya miguu ya watu na kwato za punda.

Nisije nikaonekana naegemea upande mmoja. Wako pia wenye nyumba waliojimilikisha barabara ya watu wote. Utaona mawe yamepangwa, tairi kuukuu zimejazwa saruji, na vyuma vimechimbiwa ardhini, ili nafasi iliyoko mbele ya ukuta, na wala si mbele ya mlango, isikaliwe na yeyote. Haki yao ni kuingia na kutoka. Kivuli cha mwarobaini ulioko ng'ambo ya barabara si chao. Mwanafunzi mmoja aliwahi kunikumbusha, kwa furaha ya vijana wapatao kosa la wakubwa, kuwa Nawawi amekataza kujenga dakka katika njia ipenyayo, na baraza zetu za mawe ni nini kama si dakka? Nikamwambia ni mas'ala mazuri, tutayafikia, lakini kwanza akaiondoe pikipiki ya nduguye iliyolazwa mbele ya mlango wa madrasa.

Tena iko hasira. Nimesikia habari za tairi kutolewa upepo, rangi kukwaruzwa kwa msumari, vioo kuvunjwa. Hayo hayajuzu. Madhara hayaponywi kwa madhara mfano wake, na aliyeharibu mali ya mtu ni juu yake kulipa, hata kama mwenye mali ndiye aliyeanza kukosa. Na yule bibi nilimwambia aache kuomba mabaya, si kwa kuwa hakudhulumiwa, bali kwa kuwa dua ya aliyedhulumiwa haina pazia, na mtu yule ana watoto.

Sheria ya nchi ipo. Katiba ya mwaka 2010 imeweka maegesho na barabara za mitaa mikononi mwa serikali za kaunti, na askari wa kaunti ana uwezo wa kulifunga gari mnyororo. Lakini kwa mwenye mgonjwa, mnyororo huo ni msiba wa pili, kwa kuwa gari likifungwa halitoki pale. Dawa iliyo karibu iko kwa kamati za misikiti. Ziweke vijana wawili barabarani tangu adhana ya kwanza mpaka watu watawanyike. Nambari ya simu ya mtu asiyekuwa ndani ya swala wapewe wanawake wa kila nyumba inayouzunguka msikiti. Na kila mwenye gari aiandike nambari yake kwa maandishi makubwa, aiweke penye kioo cha mbele.

Na ikiwa khutba imekwisha kuanza? Wanavyuoni wamejuzisha kusema wakati wa khutba kwa ajili ya kumwonya kipofu asitumbukie kisimani. Mgonjwa aliyezibiwa njia hayuko mbali na kisima. Kijana aingie ataje namba ya gari, na mwenyewe ainuke hapo hapo, asione haya.

Limebaki la harusi, nalo akina mama mna mamlaka nalo kuliko sisi. Hema linapotandazwa barabarani siku mbili au tatu, na magari ya wageni wa kupamba yakajaa usiku, ruhusa ya kaunti pekee haitoshi. Katika kichochoro kilichofungika ridhaa ya kila mlango yahitajika, na mpangaji wa ghorofani naye ni mlango. Mwenye harusi apite nyumba kwa nyumba kabla ya fito la kwanza kusimamishwa, na aanze kubisha hodi pale penye mgonjwa.