Mama naye ana daftari

Kambi yetu ya Nyarugusu ilifunguliwa 1996. Msichana aliyekimbia Kivu mwaka ule akiwa darasa la tatu, leo ni mama wa watoto sita. Anatamani kurudi kisomoni, lakini vipi? Siku ya kisomo inagongana na siku ya posho. Asipopanga foleni, watoto watalala njaa. Kuni nazo ziko mbali. Halafu majirani wanamcheka: "Mtu mzima na daftari!"

Jamani, tusicheke. Asiyejua kusoma anaweka dole gumba kwenye karatasi asiyoielewa, na karatasi hiyo ndiyo inaamua kesho ya watoto wake. Baba, siku ya kisomo chota wewe maji. Dada mkubwa, mshikie mama mtoto. Elimu haina mwisho.