MAJI YA MJINI: KAZI YA UMMA NA KAZI YA WAFANYA BIASHARA

Watu wengi huuliza kwa nini maji yauzwe, hali mvua yanyesha bure. Mvua ni bure kweli, lakini bomba si bure, wala dawa ya kusafishia maji, wala mshahara wa fundi azibaye bomba lililopasuka. Mji wa Mombasa, mathalan, hupata sehemu ya maji yake kutoka chemchemi za Mzima, mwendo wa kilometa 220 hivi, kwa bomba lililomalizika kutandazwa mwaka 1957. Gharama za kazi kama hiyo hazina budi kulipwa. Swali ni hili: nani aifanye kazi hiyo, Serikali au wafanya biashara?

Kwa bidhaa nyingine jibu ni rahisi. Duka moja likiuza sukari kwa bei kali, mnunuzi huvuka njia akaenda duka la pili. Maji ya bomba hayako hivyo. Kutandaza mabomba mawili yenye kushindana katika kichochoro kimoja ni hasara tupu. Kwa hiyo mwenye bomba hana mshindani, na mnunuzi hana pa kukimbilia. Asiye na bomba huumia zaidi. Mita moja ya ujazo ni lita 1,000, yaani mitungi 50 ya lita 20. Mtungi mmoja ukiuzwa shilingi 5, maji hayo yote yagharimu shilingi 250, na mwenye bomba nyumbani kwa kawaida hulipa chini ya hapo. Hivyo maskini hununua maji kwa bei ya kumshinda tajiri.

Tanzania ilijaribu njia ya wafanya biashara. Kabla ya hapo, shirika la umma lilikuwa likigawa maji Dar es Salaam, na mabomba yalivuja sana. Mwaka 2003 kazi hiyo ilikabidhiwa kampuni ya City Water, yenye wanahisa wa kigeni, kwa mkataba wa miaka 10. Mabomba yalibaki mali ya umma. Kampuni ilipaswa kuyaendesha na kukusanya malipo. Walakini makusanyo hayakufikia yaliyotarajiwa, na Mei 2005 Serikali iliuvunja mkataba. Kazi ikarudi kwa shirika la umma. Yaonekana basi kwamba kubadili jina la mwendeshaji peke yake hakuzibi bomba linalovuja.

Nchini Kenya, Sheria ya Maji ya mwaka 2002 ilitenga kazi mbili: kugawa maji, na kuwasimamia wagawaji. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, ilimpa kila mtu haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha, na huduma hiyo ikawekwa mikononi mwa serikali za kaunti. Makampuni ya maji ya miji mikubwa ni mali ya kaunti, lakini huendeshwa kwa hesabu za biashara, na bei zake hukaguliwa na bodi maalumu.

Hata hivyo wafanya biashara wadogo wanayo nafasi yao. Katika mtaa wa Nyalenda, mjini Kisumu, kampuni ya maji iliweka mpango wa kuuza maji kwa jumla, kwa kupitia mita kubwa, kwa mawakala na vikundi vya wenyeji. Hao huyafikisha majumbani na vioskini, huyatunza mabomba, na hukusanya malipo. Mwenyeji huujua mtaa wake, na mwivi wa maji hawezi kumficha.

Kwa ufupi, mfanya biashara aweza kuyabeba maji, lakini mizani ishikwe na umma. Na umma ni wananchi wenyewe. Yapasa walipe ankara zao, watoe habari za bomba lililopasuka, na wahudhurie mikutano inapojadiliwa bei mpya. Asiyehudhuria atapangiwa bei na wengine.