Nyoka ikivimba mu depo, uiachie njia

Kisha mavuno, gunia za mahindi na maharagi zikijaa mu depo, panya zinakuja, na nyoka inafuata panya. Hapa Mabanga kuko tena shida ya mawe. Tangu Nyiragongo ilipolipuka mu 2002, wengi wamejenga kuta na mawe ya volkano, na matundu yake ni nyumba nzuri ya panya na ya nyoka pia.

Nyoka yenye kuvimba mwili, kupuliza "fuuu" ao kuinua shingo haiji kutafuta vita. Iko inaogopa, inakuambia usisogee. Kifutu ndiyo mbaya zaidi juu haikimbii: inalala kimya, rangi yake sawa na majani makavu, mpaka mtu aikanyage. Swila nyingine zinatema sumu mu macho, hata mita 2. Ikikupata, osha macho na maji mengi, usisugue.

Basi, simama. Rudi nyuma polepole ukiiangalia, toa watoto, acha mlango wazi. Mara nyingi itaondoka yenyewe. Shida inakuja pale kijana anakamata jembe juu ya kuonyesha ujasiri. Watu wengi wanaumwa wakati wanajaribu kuiua ao kuishika, na hata kichwa kilichokatwa kinaweza kuuma, usikiguse. Gunia ziweke juu ya mbao, mbali kidogo na ukuta, na mbele ya kuinua moja, ipige kwanza na fimbo ndefu. Usiku, tochi na bote.

Mtu akiumwa, akae, asitembee. Toa pete na bangili mbele ya kuvimba. Funga mguu na kipande cha mbao ili usisogee, bila kukaza, kisha pikipiki mpaka hospitali, yeye katikati, mtu mwingine akimushika nyuma. Usichanje, usinyonye, usikaze kamba.

Na ile jiwe nyeusi wengi wetu tunachunga mu nyumba? Ni mfupa wa ng'ombe uliochomwa tu, haivuti sumu. Watu wanaisifu juu nyoka nyingi hazina sumu, na hata zenye sumu pengine zinauma bila kuitia. Lakini ile siku sumu imeingia kweli, saa moja unayongojea jiwe ni saa mgonjwa anakosa dawa. Piga simu mukiwa njiani: si kila kituo cha afya kiko na dawa ya sumu ya nyoka.